Kuta za Mitla zilizofumwa upya

Mitla ni mji mdogo katika bonde la Oaxaca, kusini mwa Mexico. Wazapoteki, wenyeji wa bonde hilo, waliuheshimu kama mahali pa wafu, na chini ya majumba yake ya kale wamelazwa wakubwa wao katika makaburi yenye umbo la msalaba. Lakini mgeni hafiki makaburini kabla ya kusimamishwa na kuta. Zimejaa nakshi kutoka pembe hadi pembe: ngazi, zigizaga, misokoto ya pembe mraba inayojirudia mstari baada ya mstari. Kila kipande cha jiwe kilichongwa peke yake, kikapachikwa ubavuni mwa mwenzake bila chokaa ya kuvishikisha. Kazi hiyo imesimama kwa karne nyingi katika nchi inayotikiswa na matetemeko mara kwa mara.

Kwenye mosaiki hizo hakuna mungu, mfalme wala mnyama. Ni mistari mitupu. Anayezitazama akiwa anajua kufuma huzitambua mara moja.

Katika ufumaji wa mazulia ya nakshi, uzi wa rangi moja hauvuki upana wote wa kitambaa. Mshindio, yaani uzi unaopita kwa upana, huenda hadi mwisho wa eneo lake, hugeuka, hurudi ulikotoka, na wa rangi jirani hufanya vivyo hivyo upande wake. Pale mpaka wa rangi mbili unaposimama wima hubaki mpenyo kati yake, na mpenyo ukiwa mrefu kitambaa hulegea. Dawa mojawapo ni kuusogeza mpaka pembeni, nyuzi chache za mtande, zile za urefu, kila baada ya mishindio kadhaa. Ukishausogeza hivyo mara nne tano, tayari una ngazi. Mwanamke wa Pemba anayesuka ukili hatashangaa kusikia haya: hata miyaa ina nakshi inazozikubali na nakshi inazozikataa.

Mchonga mawe hana sharti hilo. Angeweza kuviringa duara, kupinda jani, kufuata mkunjo wowote aliotaka. Ndiyo maana wapo watafiti wa sanaa za Mexico ya kale wanaoona kwamba nakshi za Mitla ni nguo zilizogeuzwa mawe, na mimi nawaamini. Pamba ya zama hizo imeoza karibu yote, mawe yamebaki, basi ni rahisi kudhani kwamba jengo lilitangulia na kitambaa kikaiga.

Wahispania walipoishika Oaxaca katika karne ya 16 walijenga kanisa juu ya sehemu ya majumba ya Mitla. Katika bonde hilohilo, mjini Teotitlán del Valle, mawe ya hekalu la Kizapoteki yenye nakshi yaliingizwa katika kuta za kanisa, na bado yanaonekana. Wageni hao walileta pia kondoo na kitanda cha kufumia cha kukanyaga kwa miguu. Kabla yao, ufumaji ulikuwa wa pamba, kwa kitanda chepesi kinachofungwa mtini upande mmoja na kiunoni mwa mfumaji upande wa pili. Teotitlán ikashika sufu na kitanda kipya, ikafuma mablanketi, kisha mazulia. Nakshi zinazoonekana Mitla zikawa tena kwenye nyuzi, safari hii kwa rangi: nili kwa buluu, na wekundu kutoka kwa wadudu wadogo wanaolelewa juu ya dungusi kakati. Wadudu hao hukaushwa, husagwa, kisha mtia rangi huongeza ndimu akitaka wekundu uelekee machungwa, au majivu akitaka uelekee zambarau.

Mwaka 1935 bonde hilo lilipata mgeni wa aina nyingine, mfumaji Anni Albers. Alizaliwa Berlin mwaka 1899, na mwaka 1922 akaingia chuo cha sanaa cha Bauhaus, ambako wanawake walisukumwa kwenye karakana ya ufumaji hata kama walikuja wakitaka mengine. Aliingia humo shingo upande, akatoka bingwa. Kazi yake ya kuhitimu, mwaka 1930, ilikuwa kitambaa cha ukuta kwa ukumbi wa shule ya vyama vya wafanyakazi huko Bernau: upande mmoja una selofani ya kurudisha mwanga, upande wa pili uzi wa manyoya wa kumeza mwangwi. Tangu hapo kitambaa kwake kilikuwa sehemu ya jengo. Wanazi walipoibana Bauhaus hadi ikafungwa mwaka 1933, yeye na mumewe Josef walihamia Marekani, wakafundisha katika chuo cha Black Mountain, North Carolina. Kutoka huko wakawa wanashuka Mexico mara kwa mara.

Miaka mitatu kabla ya safari yao ya kwanza, mwanaakiolojia Alfonso Caso alikuwa amefungua Kaburi la 7 la Monte Albán, mji mkuu wa kale wa Wazapoteki uliojengwa juu ya kilima kilichosawazishwa kwa mikono. Humo mlikuwa na vito ambamo dhahabu na lulu vimekaa pamoja na kombe za kawaida za baharini. Albers alipoviona hakuiga maumbo yake. Alichukua ujasiri wake wa kuchanganya. Pamoja na mwanafunzi wake Alex Reed alitengeneza mikufu kwa vichujio vya sinki, vibanio vya karatasi na pini za nywele, na mwaka 1941 mikufu hiyo ikaonyeshwa New York. Wasanii wa leo wanaoshona mabati, karatasi na vitambaa katika kazi moja wana nyanya yao hapo.

Mji wenyewe aliufuma mwaka 1936, kwa hariri, kitani na sufu, akauita *Monte Albán*. Nyuzi za ziada zinaelea juu ya mtande, zinapanda, zinavunjika pembe, zinashuka, mpaka jicho linaona matuta na ngazi za uwanja mkuu bila kuchorewa hata jengo moja. Hicho ndicho kipimo ninachokiamini kwa kazi ya namna hii. Kunakili ukuta juu ya kitambaa ni jambo la siku moja kwa mwenye mashine. Kuutafuta ule utaratibu uliouzaa ukuta, kisha kuukabidhi kwa uzi ukaufanye upya, ni sanaa.

Mwaka 1949 jumba la makumbusho la MoMA, New York, lilimfanyia maonyesho, mfumaji wa kwanza kupewa ukumbi peke yake pale. Alikuwa mwungwana katika kutaja walimu wake: kitabu chake kikuu kuhusu ufumaji, cha mwaka 1965, alikitabaruku kwa wafumaji wa Peru ya kale.

Teotitlán haikupata heshima ya namna hiyo. Katika miaka ya 1970 na 1980 wafanyabiashara kutoka Marekani walimiminika pale, wakaagiza mazulia ya nakshi za Wanavajo, wenyeji wa asili wa Marekani, hata ya michoro ya Picasso na Escher, nayo mara nyingi yaliuzwa mbali bila jina la mkono uliofuma. Hata hivyo ngazi za Mitla hazikuondoka kwenye vitanda vya mji ule. Makumbusho yanayotundika kazi za Albers, basi, yana wajibu ulio wazi: kununua zulia la Teotitlán kwa bei yake halali, kulitundika ukuta huohuo, kwa urefu uleule, na kuandika jina la aliyelifuma.