Kikundi cha kusoma vitabu: aliyeishia darasa la saba naye ana la kusema

Tukizungumzia vitabu hewani, wapo wasikilizaji wanaoanza ujumbe wao kwa kuomba radhi: mimi niliishia darasa la saba, lakini naomba kusema neno. Mara nyingi neno lenyewe linakuwa zito kuliko tuliyoyasema sisi studio. Makala haya ni kwa ajili yao, na kwa yeyote anayetaka kuanzisha kikundi cha kusoma na kujadili hadithi kijijini kwake.

Kikundi cha namna hii ni watu wachache wanaosoma kitabu kimoja, kisha wanakutana kukizungumzia. Hakihitaji mwalimu wa fasihi.

Nini kinawafukuza watu?

Shuleni tulizoeshwa kuzungumzia hadithi kwa maneno ya mtihani: fani, maudhui, dhamira, mtindo. Maneno hayo yana kazi yake, lakini kikao kikifunguliwa kwa "taja dhamira tatu", aliyefika kidato cha nne atajibu na wengine watainamisha vichwa. Wiki inayofuata hawaji, na hawatasema kwa nini.

Chukua Kusadikika ya Shaaban Robert, iliyotoka mwaka 1951. Ni kitabu chembamba. Karama ameshtakiwa kwa kufundisha uanasheria, na anajitetea mbele ya mfalme kwa kusimulia habari za wajumbe sita waliotumwa nchi za mbali. Walirudi na mambo ya kuifaa nchi yao, wakaishia kifungoni. Muulize mkulima: umewahi kumwona mtu aliyeleta jambo jema kwenye mkutano akageuziwa kibao? Hapo hamtakosa mazungumzo, na yote yatakuwa ya Kusadikika. Anayejua neno "dhamira" atalitumia baadaye, wenzake wakiwa wameshaielewa.

Kitabu hiki kina faida nyingine: kila safari ya mjumbe inaweza kusomwa kikao kimoja.

Asiyejua kusoma je?

Aje. Mmoja asome kwa sauti, wengine wasikilize, wapokezane. Hapo nakala moja inatosha, na hakuna haja ya kutoa fotokopi ya kitabu kizima, jambo linalomnyima mwandishi jasho lake. Wapo wanaoona kwamba kusomewa si kusoma. Sisi hatukubaliani nao. Aliyesikia hadithi yote ana haki ya kuibishia sawa na aliyeishika mkononi.

Tena jambo hili si geni kwetu. Mwaka 1973 Tanzania iliendesha kampeni ya Mtu ni Afya. Watu wapatao milioni 2 walikusanyika katika vikundi, wakasikiliza kipindi cha redio, wakasomewa kijitabu, kisha wakajadiliana na kuamua la kufanya, kama kuchimba choo. Viongozi wa vikundi walifundishwa kuendesha mazungumzo, si kuhutubia. Ile ilikuwa afya na hii ni hadithi, lakini namna ya kukaa ni ile ile.

Nani aanze kusema?

Hapa ndipo vikundi vingi vinapoharibika. Mwalimu mstaafu au mtendaji akitangulia kutoa maoni, nani atasema kinyume? Heshima inafunga midomo. Tunashauri mkubwa aombwe kwa adabu asubiri: "Mzee, wewe utatufungia." Atakubali, maana kufunga ni heshima pia. Na saa ya kikao ipangwe pamoja na kina mama. Kikao cha saa kumi na mbili jioni, moto ukiwa jikoni, kimeshawaacha nje kabla hakijaanza.

Jambo moja la tahadhari. Msomaji wa kawaida anaizungumzia hadithi kwa kutumia maisha yake. Mkisoma Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, iliyotoka 1971, mtakutana na baba mkali na binti anayeharibikiwa. Kuna mzazi atakayejiona humo, na kuna binti pia. Kubalianeni siku ya kwanza kwamba yanayosemwa kikaoni hayaendi kisimani wala kijiweni. Na kama mtu amenyamaza mlipofika ukurasa fulani, asilazimishwe kusema. Mwachieni nafasi yake kwenye mkeka, na wiki ijayo mmpitie njiani mje pamoja.