Tumbaku katika Vitabu vya Kishafii



Katika meza za mboga za Kariakoo utakuta nyanya, bilingani, pilipili, nyanya chungu na mafungu ya mnavu. Wataalamu wa mimea wanasema hizi zote ni ukoo mmoja, na asili ya vyakula ni uhalali. Ndugu yao tumbaku naye yumo humo mjini: katika sigara za wamachinga, katika ugoro, na katika tambuu za wazee wetu.

Usiitafute kwa Imam Nawawi (aliyefariki 676 H). Asili ya mmea huu ni bara la Amerika, na ulifika nchi za Kiislamu karibu na mwisho wa karne ya 10 Hijria. Mafakihi wakagawanyika. Pale Misri, Sheikh Ibrahim al-Laqani aliuharamisha na Sheikh Ali al-Ujhuri akauhalalisha, na wote wawili ni Maliki! Mwaka 1633 Sultani Murad IV aliupiga marufuku kwa adhabu ya kifo.

Kwa sisi Mashafii, kisa chenye faida zaidi ni cha Sheikh Nuruddin al-Zayadi (1024 H). Mwanzo alitoa fat'wa kuwa moshi wake haufunguzi, kwa kuwa hakujua hakika yake. Alipoonyeshwa masizi yaliyoganda ndani ya mwanzi wa kuvutia, alitambua kuwa mna kitu chenye mwili kinachoingia ndani, akarejea na kufutu kuwa unafunguza. Basi moshi huu haukiasiwi na harufu ya udi. Na anayebana tumbaku chini ya mdomo mchana wa Ramadhani akisema "si chakula", ajue kuwa mate yaliyochanganyika nayo yakimezwa, saumu imekwenda. Ugoro wa puani, ukifika ndani, ni hivyo hivyo.

Ama hukumu yake nje ya saumu, al-Qalyubi (1069 H) aliiona haramu, kwa hoja kwamba hufungua njia za mwili kupokea maradhi. Al-Bajuri (1276 H) akategemea kuwa ni makruhu, lakini huwa haramu mtu akiinunua kwa pesa inayohitajiwa na wanawe, au akiwa na yakini ya madhara.

Wengi hulishika neno "makruhu" na kuiacha sharti. Katika zama za al-Bajuri yakini hiyo ilikuwa ya mtu mmoja mmoja. Tangu mwaka 1950, utafiti wa Doll na Hill kule Uingereza ulipohusisha sigara na saratani ya mapafu, ushahidi wa matabibu umezidi kuongezeka. Tanzania nayo ilitunga sheria ya bidhaa za tumbaku mwaka 2003, ikakataza kuwauzia walio chini ya miaka 18.

Kwa hiyo anayemnukuu al-Bajuri leo kutetea sigara anamnukuu dhidi ya nafsi yake. Mas-ala mazito zaidi ni ya muuzaji wa Kariakoo na mkulima wa Urambo, ambao riziki yao imo humo. Al-Bajuri aliijadili tumbaku katika mlango wa biashara, na imamu atakayeulizwa aanzie hapo.