Mkono, Sinia na Uma

Wapo wanachama wanaoona haya kula wali kwa mkono kwenye migahawa ya Tooting, kana kwamba ni ushamba. Tunadhani historia haiko upande wao.

Mwaka 1331 Ibn Battuta alifika Mogadishu, kisha Mombasa na Kilwa. Chakula cha sultani wa Mogadishu alikieleza kwa kirefu: wali wa samli katika sahani kubwa ya mbao, juu yake michuzi ya kuku, nyama, samaki na mboga. Pembeni ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa, na maziwa mgando pamoja na achari ya ndimu na pilipili, tangawizi na maembe. Mlaji alikula tonge la wali, kisha akaonja achari. (Nani kati yetu asiyeijua sahani hiyo?) Bakuli zilithaminiwa pia: za kauri kutoka China zilipachikwa hata kwenye makaburi ya wakubwa wa pwani.

Na Waingereza wa zama hizo? Tooting Bec imepata jina kwa abasia ya Bec, Normandy, iliyomiliki ardhi hapa baada ya 1066. Wamonaki wake walifuata kanuni ya Benedikto: kula kimya, mmoja akisoma kwa sauti. Kwenye kumbi za mabwana watu walinawa, wakachangia sahani, wakala kwa vidole. Kisu kila mtu alikuja nacho. Uma wa kulia haukuwapo. Thomas Coryat alipoandika mwaka 1611 kwamba ameuona Italia naye akaanza kuutumia, rafiki zake walimtania.

Zanzibar uma uliingia kwa mlango wa wageni. Sayyida Salme, katika kumbukumbu zake za 1886, asema nyumbani kwa baba yake, Sayyid Said, walikaa chini na kula kwa mkono wa kulia. Visu na nyuma vilitolewa Wazungu walipoalikwa. Uma, basi, ulikuwa adabu ya kumkirimu mgeni. Dharau ya mkono ilikuja baadaye, na shule za kikoloni hazikosi lawama.

Baada ya Idi Amin kuwafukuza Waasia mwaka 1972, chakula cha kwetu kilifika hapa kwa njia nyingine. Kastoori, mgahawa wa familia iliyotoka Uganda, uliokuwa Upper Tooting Road, uliuza matoke, na mahindi ya nazi na karanga.

Kwenye karamu ya chama tumependekeza masinia, birika na beseni la kunawia. Nyuma zitakuwepo, kwa ajili ya wageni.