Makaburi Yetu Arua na Koboko: Ardhi ni ya Nani?



Ndugu wasomaji, tunapofiwa huwa tunauliza: sanda ipo? Kaburi limechimbwa? Ni nadra kuuliza ardhi ya makaburi ni ya nani. Historia ya West Nile inatufundisha kuuliza.

Zamani Walugbara na Wakakwa walizika nyumbani, katika ardhi ya ukoo. Mwaka 1914 West Nile iliingizwa Uganda, na Arua ikawa makao ya utawala wa Waingereza. Kwa Waislamu wa mjini wasio na ardhi ya ukoo hapo, wakiwemo Wanubi, makaburi ya pamoja yakawa ni lazima.

Mara nyingi makaburi ya namna hii huanza kwa neno la mdomo: mzee anatoa kipande cha ardhi kuwa wakfu mbele ya mashahidi, basi. Lakini mashahidi hufa, na nyakati hubadilika. Mwaka 1975 serikali ya Idi Amin, ambaye asili yake ni Koboko, ilitangaza ardhi yote kuwa ya dola. Serikali hiyo ilipoanguka mwaka 1979, watu wengi wa West Nile walikimbilia Zaire na Sudan. Mpaka usioandikwa, nani angeulinda?

Katiba ya mwaka 1995 ilirudisha ardhi kwa wananchi na kutambua umiliki wa kimila. Sheria ya Ardhi ya 1998 ikaruhusu umiliki huo upewe cheti. Na tangu 1939 ipo sheria ya kusajili wadhamini: ardhi huandikwa kwa jina la wadhamini, si la imamu wala mfadhili. Akifariki mmoja wao, watoto wake hawairithi.

Koboko imekuwa wilaya mwaka 2005, Arua imekuwa jiji mwaka 2020. Miji ikipanuka, bei ya viwanja hupanda, na mjukuu asiyejua ahadi ya babu yake anaweza kuuza.

Katika Suratul Baqara tumeamrishwa kuandika deni. Je, wakfu wa makaburi si zaidi? Tuwaulize wazee wetu wangali hai, tupime mipaka, tuandike. Sadaka yao iendelee, na maiti wetu wapumzike.

Wabillahi tawfiq.