Somo Lililoanzia Barazani

Mwaka 1937 Margaret Trowell alianza kufundisha uchoraji kwenye baraza ya nyumba yake mjini Kampala. Mumewe, Hugh, alikuwa daktari. Kabla ya kuhamia Uganda walikuwa wameishi Kenya, na huko Ukambani mama huyu alipata nafasi ya kutazama watu wakichonga na kusuka vitu vyao vya kila siku. Nimefundisha sanaa na ufundi maisha yangu yote ya kazi, kwanza shule za msingi, baadaye chuo cha ualimu huku Pwani, na kila nikifuatilia chimbuko la kazi yetu ninaishia kwenye baraza ile.

Trowell alisomea sanaa katika shule ya Slade, London, kisha akasomea ualimu chini ya Marion Richardson, na huyu Richardson ningependa kila mwalimu wetu amjue. Mwaka 1912 aliajiriwa katika shule ya wasichana ya Dudley, mji wa viwanda huko Uingereza. Zama hizo mtoto aliwekewa kitu mezani, chupa au koni, akakinakili mpaka kifanane. Richardson aliwaambia wasichana wafumbe macho. Kisha akawasimulia kwa maneno mtaa wenye taa, dirisha la duka, watu wanaopita. Wakifumbua macho, kila mmoja anachora alichokiona kichwani mwake. Mezani hapana kitu. Hata ukichungulia kwa jirani, la jirani si jibu lako.

Njia hiyo ndiyo Trowell aliyokwenda nayo Kampala. Alisimulia, wanafunzi wakachora. Asiyewahi kusimama mbele ya darasa anaweza kuliona hili kama jambo dogo, kwa hiyo nieleze linavyofanya kazi. Mtoto aliyewekewa kielelezo ana swali moja tu: je, changu kinafanana? Akishapata jibu, kazi imekwisha. Mtoto aliyesimuliwa habari ya soko, bila kuonyeshwa picha yoyote, ana maswali kumi kabla penseli haijagusa karatasi. Nani asimame mbele? Muuzaji aonekane uso au mgongo? Mwanga unatoka upande gani, na mkungu wa ndizi unamficha nani? Kila mstari ni uamuzi, na mwalimu akiuliza "kwa nini umeweka hapa?" mtoto hana wa kumsingizia. Lazima aitetee hoja yake. Ninapowasikia wakubwa wa elimu wakitaja fikra tunduizi katika hotuba, mimi namwona mtoto huyo na penseli yake.

Matunda ya baraza ile yanajulikana. Mwaka 1939 kazi za wanafunzi wa Trowell zilionyeshwa London, na masomo yake yakakua yakawa shule kamili ya sanaa ndani ya Makerere, ambayo hadi leo ina jina lake. Gregory Maloba, kijana kutoka magharibi mwa Kenya, ndiye aliyechonga mnara wa uhuru wa Uganda, yule mama anayemwinua mtoto juu. Umesimama katikati ya Kampala na picha yake iko kwenye noti za nchi hiyo. Sam Ntiro, Mchaga wa Kilimanjaro, alichora wanaume wakipeleka pombe ya ndizi kwa bibi harusi usiku, na mchoro huo leo ni mali ya jumba la sanaa za kisasa la New York. Elimo Njau, naye wa Marangu, nitamrudia.

Lakini kuna upande wa baraza ile unaoniuma. Trowell aliwazuia wanafunzi wake wasizame katika picha za Ulaya kwa hofu kwamba zingewaharibia kilicho chao. Nia ilikuwa njema. Matokeo yake ni kwamba mgeni ndiye aliyeamua kipi ni cha Mwafrika na kipi si chake. Unamwambia mtu awe huru, huku funguo za maktaba ziko mfukoni mwako! Alipostaafu mwaka 1958 nafasi yake ilichukuliwa na Cecil Todd, mtu wa Afrika Kusini, naye akaifungua maktaba: historia ya sanaa ya dunia, nadharia ya rangi, wachoraji wa Ulaya wa karne ya 20. Wapo walimu wanaomsifu Trowell na kumlaani Todd, na wapo wanaofanya kinyume chake. Mimi nashika vyote viwili. Trowell alikuwa sahihi kuondoa kielelezo mezani, akakosea kufunga mlango. Mwanafunzi anaweza kutazama kazi za dunia nzima usiku kucha na asubuhi bado akachora yake, mradi pana mwalimu wa kumuuliza kwa nini.

Huyo Elimo Njau ni ushahidi wangu. Mwishoni mwa miaka ya 1950 alichora picha kubwa tano ukutani katika kanisa la Mtakatifu James, Murang'a. Ni maisha ya Yesu, kisa kilichochorwa Ulaya kwa karne nyingi, ila huku Yesu anazaliwa na kuteswa katika vilima na miti ya Ugikuyu. Hadithi ilitoka mbali, maamuzi yote yakafanyika Murang'a. Mwaka 1965 yeye na wenzake walianzisha kituo cha sanaa cha Paa ya Paa jijini Nairobi, na hapo alihubiri jambo moja bila kuchoka: usiige, kwa sababu kuiga ni kumlaza Mungu usingizi.  Kila mwaka niliwapa wanafunzi wangu wa ualimu maneno hayo ya Njau kabla sijawapa hata karatasi.

Katikati ya miaka ya 1960 somo hili lilipiga hatua ambayo hatuizungumzii vya kutosha. Maloba alitoka Makerere akaenda kuongoza idara ya usanifu katika chuo kikuu cha Nairobi. Huko alikuwepo pia Selby Mvusi wa Afrika Kusini, aliyekuwa amefundisha Ghana, na ambaye alifariki katika ajali ya gari mwaka 1967 akiwa bado kijana. Mvusi aliona kwamba kutengeneza vitu vya viwandani na vya matumizi ni kazi ya Mwafrika wa leo sawasawa na ya mtu mwingine yeyote, na kwamba hatuna sababu ya kubaki watu wa kuchonga vinyago vya watalii. Basi maswali yakabadilika. Pale Kampala mwanafunzi aliulizwa anaona nini. Nairobi akaulizwa: nani atakitumia, kimetengenezwa kwa kitu gani, kinaharibikia wapi, fundi wa kawaida ataweza kukirekebisha? Mwalimu aliyenifunza mimi alikuwa amepita katika idara hiyo. Hakuwahi kusahihisha kazi kabla ya kuuliza umeongea na nani.

Kisha mfumo wa elimu wa 8-4-4 ukaanza nchini Kenya mwaka 1985, na kwa mara ya kwanza sanaa na ufundi vikafika hadi shule za mashambani kabisa. Nilifurahi mno. Watoto walifinyanga, walisuka ukili, walitengeneza vikaragosi. Furaha haikudumu, kwa sababu mtihani wa darasa la nane ulitaka uchague A, B, C au D. Utapimaje hivyo uamuzi wa mtoto kuhusu mshikio wa kikapu? Walimu wakageukia kilichopimika: majina ya zana, hatua za ufinyanzi, zikikaririwa na watoto ambao udongo hawaugusi. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 somo likaondolewa kwenye mtihani huo, na shule nyingi vipindi vyake vikaliwa na hisabati.

Mtaala wa umilisi, ulioanza kutumika nchi nzima mwaka 2019, uliyarudisha haya yote kwa jina la ubunifu, na ninautakia heri kwa moyo wangu wote. Ila nimewaona wazazi saa mbili usiku wamepanga foleni saiba, wanachapisha picha ya kinyago kutoka intaneti ili mtoto akabandike daftarini kesho. Ile chupa ya Dudley imerudi mezani, safari hii kwa rangi.

Kinachowezekana nilikiona katika miaka yangu ya mwisho chuoni. Niliwapeleka wanafunzi kwa mama karanga mmoja, mkaangaji samaki kando ya soko, nikawaambia watafute linalomsumbua. Linajulikana: akifunika samaki, mvuke unawalainisha, akiwaacha wazi, nzi. Kundi la kwanza lilirudi na mchoro wa sanduku zuri la kioo. Mama akalitazama, akasema, "Wanangu, humo samaki watatoka jasho." Wakatoboa matundu, wakaweka wavu, vumbi la barabarani likaingia.

Binti mmoja alikuwa amekaa kimya. Akauliza, "Mama, mbona unawafunika na gazeti, na kitambaa unacho hapo?" Mama akajibu kwamba gazeti hunyonya mafuta na mvuke pamoja, ila likilowa hugandamana na samaki. Kumbe dawa alikuwa nayo muda wote, kasoro ilikuwa mahali ilipokaa. Binti yule na wenzake wakapinda fito juu ya beseni kama mataruma ya jahazi, wakabana gazeti juu yake kwa vibanio vya nguo, lisimguse samaki hata mmoja. Likilowa unabandua, unaweka jingine. Gharama ya kifuniko hicho haikufika bei ya samaki wawili.

Mama alikitumia mchana mzima. Jioni akawaita. "Kazi nzuri," alisema. "Lakini mvua ikinyesha mimi hukimbia na beseni kichwani. Hiki nakikunjaje?" Wakaketi palepale chini, wakaomba karatasi.