Mwanangu ni wa jezi ipi? Historia ya sheria ya kubadili timu ya taifa

(1)
Mama zangu na baba zangu, leo chanjo na uji wa lishe tunaviweka pembeni kidogo. Mama mmoja anayeishi Ulaya ameniandikia: "Nesi, kijana wangu ana miaka 15, ameitwa timu ya taifa ya vijana ya huku. Baba yake Mtanzania. Akivaa jezi yao, ndiyo basi tena Taifa Stars?"

Nimemjibu kwa kifupi: hapana, siyo basi. Ila miaka 25 iliyopita jibu lingekuwa gumu zaidi, na waliolibadilisha ni vijana kama huyo wake. Kaa hapo nikusimulie.

(2)
Zamani mambo yalikuwa holela. Luis Monti alicheza fainali ya Kombe la Dunia 1930 akiwa na Argentina, wakafungwa 4-2 na Uruguay. Mwaka 1934 akacheza fainali nyingine, safari hii na Italia, akabeba kombe. Alfredo Di Stéfano aliifungia Argentina mabao 6 katika mechi 6 mwaka 1947, kisha akaenda kuifungia Hispania 23. Na Ferenc Puskás, mtu wa mabao 84 ya Hungary, tunamkuta na jezi ya Hispania kwenye Kombe la Dunia la 1962 kule Chile. Puskás mimi simlaumu. Mwaka 1956 majeshi ya Kisovieti yaliingia nchini kwake yeye akiwa nje na klabu yake, akaamua kutorudi.

FIFA wakasema imetosha. Katika miaka hiyo ya 1960 wakafunga mlango: ukishaichezea nchi moja mechi ya mashindano, ni hiyo hiyo mpaka ustaafu.

(3)
Sasa fikiria mlango huo ulimfungia nani. Siyo mastaa. Ulimfungia mtoto wa mhamiaji. Amezaliwa Ufaransa, baba katoka Mali. Ana miaka 17, kocha wa vijana wa Ufaransa anampigia simu. Mtoto gani wa umri huo atasema subirini kwanza nifikirie? Anakwenda, anacheza mechi mbili tatu, halafu timu ya wakubwa haimwiti maisha yake yote. Na kwa wazazi wake hawezi tena kwenda. Anabaki hana timu.

Frédéric Kanouté alikuwa mmoja wao, mtoto wa Ufaransa aliyepita timu yao ya vijana chini ya miaka 21. Sheria ilipolegezwa kuanzia 2004, akaenda Mali na kumaliza Kombe la Mataifa ya Afrika la mwaka huo akiwa miongoni mwa wafungaji bora, mabao 4. Lakini ulegezaji huo ulikuwa na sharti: kwa waliofuata, uamuzi ufanyike kabla ya kutimiza miaka 21.

Mwaka huo huo wajanja nao wakatokea. Qatar ilitaka kuwapa uraia Wabrazili waliokuwa wakicheza Ujerumani, akiwemo Ailton, ambao hawakuwa na ndugu wala jamaa Qatar. FIFA wakazuia haraka: lazima uwe umezaliwa pale, au mzazi au babu au bibi yako amezaliwa pale, au umeishi pale miaka 2. Mwaka 2008 ile miaka 2 ikawa 5, tena ihesabiwe baada ya kutimiza 18. Kwa hiyo mama, ukisikia mchezaji wa kigeni kapewa pasipoti, usidhani kesho yumo timu ya taifa. Pasipoti ni jambo moja, jezi ni jingine.

(4)
Mwaka 2009, mkutano wa FIFA ukiwa Bahamas, Algeria waliomba kile kikomo cha miaka 21 kiondolewe, wakakubaliwa. Aliyefaidika haraka ni Kevin-Prince Boateng, mzaliwa wa Berlin, aliyekwisha kuchezea timu za vijana za Ujerumani. Akaenda Ghana, nchi ya baba yake. Juni 2010, kule Afrika Kusini, Ghana na Ujerumani wakakutana, na upande wa pili alisimama mdogo wake wa baba mmoja, Jérôme. Ujerumani wakashinda 1-0. Mimi huwa namfikiria yule baba tu, sijui ungeshangilia wapi.

(5)
Lakini aliyecheza timu ya wakubwa alikuwa bado kafungiwa, na hapa ndipo panaponiuma. Munir El Haddadi, mzaliwa wa Hispania mwenye asili ya Morocco. Septemba 8, 2014, akiwa na miaka 19, aliingizwa dakika ya 77 Hispania ikicheza na Macedonia kufuzu Euro. Dakika kama 13 hivi. Hakuitwa tena na wakubwa.

Morocco walipofuzu Kombe la Dunia 2018 wakamtaka. FIFA wakakataa. Wakaenda Mahakama ya Usuluhishi wa Michezo, nako wakakataliwa. Kosa lake ni nini hasa? Kumtii kocha akiwa na miaka 19.

Septemba 2020 FIFA wakabadilisha. Sasa aliyecheza timu ya wakubwa anaweza kuhama, mara moja tu maishani, ikiwa mechi zake hazizidi 3, zote kabla ya miaka 21, imepita miaka 3 tangu ya mwisho, na hakucheza fainali za Kombe la Dunia wala za bara. Munir akavaa jezi ya Morocco 2021. Ile miaka katikati hakuna aliyemrudishia.

(6)
Mechi za kirafiki peke yake hazifungi. Iñaki Williams alicheza ya kirafiki na Hispania 2016, na mwaka 2022 akaenda Ghana, wakati mdogo wake Nico yuko Hispania. Wazazi wao walivuka jangwa la Sahara, sehemu nyingine kwa miguu, na mama alikuwa na mimba ya Iñaki. Kama nesi naisoma habari hiyo na kuinamisha kichwa.

Na wapo wasiohama kabisa. Yussuf Poulsen anachezea Denmark, kwao mama. Baba yake, Mtanzania, alifariki kwa saratani Yussuf akiwa na miaka 6. Kombe la Dunia 2018 aliifunga Peru akiwa na jina la baba mgongoni: Yurary.

(7)
Turudi kwa mama yetu. Timu ya vijana haimfungii kijana wako, dada. Cha kuangalia ni uraia: FIFA wanauliza kama siku ya mechi ya kwanza ya mashindano alikuwa tayari na uraia wa nchi ya pili. Kenya waliruhusu uraia wa nchi mbili kwa katiba ya 2010. Kwetu Tanzania mtoto anabeba zote mbili mpaka miaka 18, kisha anachagua. Kwa hiyo pasipoti yake ya Tanzania ishughulikieni sasa, kabla hajaingia uwanjani. Na cheti cha kuzaliwa cha baba kitafuteni mapema. Ninyi mlio huku nyumbani mliojifungua mwezi huu, lile tangazo la kizazi mlilopewa wodini lipelekeni RITA, msilikunje kwenye pochi.