Sanamu za Makaburi ya San Agustín, Kolombia

San Agustín ni mji mdogo wa nyanda za juu za kusini mwa Kolombia, karibu na chimbuko la mto Magdalena. Umepewa jina la Mtakatifu Augustino, lakini mamia ya sanamu za mawe ya volkano zinazopatikana huko ni za kale kuliko Injili katika nchi ile. Nyingi zilichongwa kati ya karne ya 1 na ya 8 baada ya Kristo, na watu wasioacha maandishi wala jina lao.

Ni sanamu za mazishi. Chumba cha kaburi kilijengwa kwa mabamba ya mawe, pengine kikiwa na jeneza lililochongwa katika jiwe moja. Sanamu ilisimikwa mlangoni, kisha vyote vikafunikwa kwa kilima cha udongo. Yaani nyingi kati ya sanamu ambazo watalii huzipiga picha leo zilikusudiwa kubaki gizani pamoja na marehemu. Baadhi zina uso wa mtu na chonge za mnyama mkali, na rungu mkononi. Moja ni ndege mkubwa aliyemkamata nyoka kwa mdomo na kucha. Wataalamu wengi huzitazama kama walinzi wa wafu.

Katikati ya karne ya 18, mmisionari Mfransisko Juan de Santa Gertrudis alizifikia na kuziandikia habari. Alidhani anaona maaskofu na watawa katika baadhi yake, na kwa kuwa wenyeji hawakuwa na zana za chuma, akahukumu kuwa ni kazi ya shetani. Hatuwezi kuikubali hukumu hiyo: jiwe laini huchongwa kwa jiwe gumu, na subira. Siku zile zile makaburi hayo yalikuwa yakichimbuliwa ili kutafuta dhahabu, na kwetu sisi tunaohesabu kuzika wafu miongoni mwa matendo ya huruma, uovu ulikuwa hapo zaidi kuliko katika nyundo ya mchongaji.

Tamko Nostra Aetate la mwaka 1965 latufundisha kutokataa lililo kweli na takatifu katika dini nyingine. Hatusemi kwamba wachongaji hao waliungama ufufuko wa mwili. Hilo tumelipokea kwa Kristo. Twasema tu kwamba hawakumtupa marehemu wao.

Mnamo 1913 na 1914 Mjerumani Konrad Theodor Preuss alifanya uchimbaji huko, akapeleka sanamu kadhaa Berlin. Mwaka 1995 UNESCO iliorodhesha eneo hilo katika Urithi wa Dunia. Na mwaka 2013, serikali ilipotaka kuzipeleka sanamu chache Bogotá kwa maonyesho, wakazi walikataa zisiondoke. Maonyesho yakafunguliwa bila sanamu hizo.